Siku ya Kujaribiwa

Katika majira ya mavuno kinu cha mpunga cha Umusaruro hakikuwahi kunyamaza mchana. Jumanne ile kilinyamaza. Wakulima walioteremka kutoka Nyakabuye walikuwa wamekalia magunia yao kando ya barabara, wakisubiri kuambiwa kama wangoje au warudi na mpunga wao.

Mpelelezi Védastine Umurerwa alishuka kwenye pikipiki iliyomleta kutoka Kamembe, akawasalimia, akaingia getini. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyezaliwa na kukulia Bukavu kabla ya kurudi Rwanda na wazazi wake, na watu wa bonde la Bugarama walimzoea kwa sababu aliwahoji kwa Kiswahili chao bila kuwakaripia. Alikuja kwa ajili ya msichana aliyeitwa Umwali. Jana yake asubuhi mkanda wa mashine kubwa ulimnasa mkono ukamvuta ndani, na umeme ulipokatwa alikuwa amekwisha kufa.

Gisa, mkurugenzi wa kinu, alimpokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, lakini macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Hii si ajali, Afande," alisema. "Mashine iliharibiwa makusudi. Na mutu aliyefanya ninamujua."

"Nionyeshe mashine kwanza. Jina utanipa baadaye."

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya pumba. Damu ilikuwa imemwagiwa mchanga. Kifuniko cha chuma, kile kinachokinga watu wasiguse mkanda, kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mkanda wenyewe ulikuwa umelala chini. Védastine alichuchumaa akaangalia mkono wa chuma unaoukaza mkanda huo. Ulipaswa kushikwa na bolti mbili, bulon kama mafundi wa huku wanavyoziita. Matundu yote mawili yalikuwa matupu.

Alipitisha kidole ndani ya tundu. Hakukuta mkwaruzo wowote. Hakuna kilichopigwa nyundo wala kukatwa. Bolti zilifunguliwa taratibu, kwa spana inayofaa.

"Kifuniko alikitoa nani?"

"Ni mimi," alijibu kijana aliyesimama nyuma ya Gisa. Aliitwa Izabayo. Alikuwa fundi mpya wa kinu na mtoto wa dada yake Gisa. "Mkanda ulikuwa unatoka kila tukiwasha. Nilitaka kuona sababu."

"Ukaiona?"

"Hapana."

"Kisha ukafanya nini?"

Izabayo aliangalia viatu vyake. "Nilimwambia yule msichana ausukume na mti, urudi mahali pake."

"Mashine ikiwa inazunguka?"

"Ukiizima, mkanda haushiki."

"Msichana huyo alikuwa na ujuzi wa mashine?"

"Alikuwa wa esee."

Védastine alilijua neno hilo. Siku za esee ni siku za kujaribiwa: mtu anafanya kazi bila malipo mpaka bosi aseme anafaa, na wengi huambiwa hawafai mavuno yakiisha.

"Kwa nini yeye?"

"Alikuwa karibu," Izabayo alisema. "Na ba esee wanafanyaka kila kitu."

Védastine aliinuka. Alimwita askari aliyekuwa mlangoni, akamwambia akae na Izabayo, asimruhusu kuondoka wala kupiga simu. Gisa alisogea kutaka kumtetea mpwa wake.

"Sasa nipe lile jina," Védastine alimwambia.

"Karangwa. Alikuwa mkubwa wa wapakizi. Tulipunguza watu kabla ya mavuno, tukawatumia ujumbe kwa simu. Wengine walikubali. Yeye alikuja kusimama hapa getini, akasema kinu hiki kitakula watu. Kila mutu alimusikia."

"Kazi yao sasa inafanywa na nani?"

Gisa alikohoa. "Na ba esee."

Karangwa alipokuwa anatafutwa, Védastine alibaki peke yake na mashine. Aliyefungua bolti zile alizipeleka wapi? Alipekua chini ya mashine, kwenye pumba, kwenye mfereji wa nje. Mwishoni aliinua macho. Juu ya mashine ilipita boriti ya chuma, usawa wa mkono wa mtu mzima akiunyoosha. Alinyoosha mkono, akapapasa, akashusha kifurushi kidogo cha kitambaa.

Zilikuwa humo. Bolti mbili, kila moja na nati yake imerudishwa, zimepakwa grisi nzito zisishike kutu. Kitambaa kilikuwa kipande cha kitenge cha buluu chenye ndege wa njano.

Védastine alikaa juu ya gunia. Mtu mwenye hasira angezitupa mtoni Rubyiro. Mwizi angekwenda kuziuza. Huyu alizipaka mafuta, akazifunga, akaziweka mahali ambapo mwenyewe angezifikia kwa kunyoosha mkono tu. Huyu alitaka kuzirudisha.

Karangwa aliletwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kubeba, na suruali yake ilikuwa na saruji mpaka magotini. Védastine alimpa kiti kwenye baraza ya ofisi.

"Wanasema ulitishia kinu."

"Nilisema. Sikatae," Karangwa alijibu. "Nilibebaka magunia hapa tangu ile kinu inafunguliwa. Siku moja simu inalia, ninasoma: usirudi. Hata jina yangu hawakuandika. Wewe ungesema nini?"

"Uliingia hapa baada ya hapo?"

"Sikuingia. Uliza mulinzi wa geti. Ananipenda, lakini hakunifungulia."

"Jumamosi jioni mashine ilizimwa ikiwa nzima. Jumatatu asubuhi haikushika. Kati ya siku hizo ulikuwa wapi?"

"Kamembe, karibu na uwanja wa ndege. Kuna bantu banajenga depo kule. Nililala kwa geti yao, nikuwe wa kwanza Jumatatu."

"Ulipata?"

Karangwa alipangusa magoti yake, lakini saruji haikutoka. "Balinipa asubuhi moja ya kukoroga. Kisha kapita akaleta bashemeji zake."

Védastine aliomba namba ya kapita huyo, msimamizi wa ujenzi, akasogea kando, akapiga. Aliuliza kama kuna mtu mrefu aliyelala getini kwao tangu Jumamosi.

"Yule mzee aliyelia?" sauti ilijibu. "Ndiyo, alikuwa hapa. Tulipomwambia aende, alilia mbele ya watu wote. Hata mimi nilishindwa kumwangalia."

Aliporudi, Karangwa alikuwa anamtazama usoni.

"Amesema nini?"

"Amesema ulikuwa kule. Basi. Unaweza kwenda nyumbani, Papa."

"Nyumbani," Karangwa alisema. Alisimama. Kisha akauliza, "Yule mutoto aliyekufa, ni wa nani?"

Védastine alikuwa na jina la msichana na picha ya kitambulisho chake, si zaidi. Aliona haya kidogo kwamba swali hilo lilikuwa halijaulizwa na yeye.

Alimwita Jolie, msichana aliyekuwa akifagia pumba karibu na Umwali jana yake. Naye alikuwa wa esee. Alikuja akiwa bado amevaa leso ya kazi, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Ulimfahamu?"

"Tulisoma pamoja. Alimaliza sekondari na pointi mingi kuliko sisi wote. Alipeleka barua kila mahali, mpaka Kigali. Banasema bataita, habaitake. Jana ilikuwa siku yake ya kwanza hapa."

"Alikuwa na furaha?"

"Sana. Alikuwa anaangaliaangalia mulango. Alisema leo papa yake atashituka, akiingia na kumukuta ndani ya kazi. Hakumwambia kama ameitwa. Alitaka amuone tu hivi, na leso, anafanya kazi mahali moja naye."

Védastine aliacha kuandika.

"Baba yake anafanya kazi hapa?"

Jolie alimshangaa. "Si njo Papa Buhendwa, fundi? Yule wa mashine. Alikuwaka hapa tangu zamani. Umwali alituuliza sisi bote, papa iko wapi, mbona hajafika. Hakuna aliyejua."

Védastine alirudi ofisini kwa Gisa na kufunga mlango nyuma yake. Hakukaa.

"Hukuniambia kwamba marehemu ni mtoto wa fundi wako."

"Si fundi wetu tena," Gisa alisema. "Tuliachana naye Jumamosi."

"Nieleze."

Maelezo yalitoka vipande vipande. Buhendwa ndiye aliyeifunga mashine ile ilipofika ikiwa katika masanduku, na ndiye aliyeitunza tangu siku hiyo. Lakini hakuwa na diploma, na Izabayo alikuwa nayo, na Izabayo alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu, na mama yake Izabayo alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Kwa hiyo Buhendwa aliombwa amfundishe kijana kazi. Alifundisha. Jumamosi jioni, mashine zikiwa zimezimwa, aliitwa ofisini akashukuriwa.

"Alisema nini?"

"Aliomba akasafishe mashine kwa mara ya mwisho. Nilimruhusu."

"Na msichana?"

"Baba yake aliniomba miaka mingi nimpatie mtoto nafasi. Nilimhurumia, Afande. Nilisema, mzee ameondoka, basi angalau mtoto ajaribu. Nikamwita Jumapili."

"Kwa esee. Bila malipo. Na baba yake hukumwambia."

Gisa alianza kupanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Jana mkanda ulipokataa, mlifanya nini?"

"Nilimpigia Buhendwa. Nilimwomba aje atusaidie siku hiyo moja. Izabayo alikasirika, akasema ataweza mwenyewe. Alirudi kwenye mashine mimi nikiwa hapa."

"Ulipompigia, Buhendwa aliuliza mashine ina nini?"

Gisa alifikiri. Védastine aliona jinsi jibu lilivyomfikia usoni kabla ya mdomoni.

"Hapana. Alisema tu, ninakuja, niko karibu."

"Nyumbani kwake ni wapi?"

"Nyakabuye, juu kabisa. Lakini alifika mara moja. Kahawa yangu ilikuwa bado moto." Gisa alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Alikuja na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa anatabasamu. Alinisalimia vizuri sana. Kisha akaona watu wamesimama."

Njia ya kwenda kwa Buhendwa ilipanda kati ya mashamba ya mihogo na migomba. Védastine alimwacha mwenye pikipiki chini, akapanda kwa miguu. Alisikia nyimbo za kanisa kabla ya kuiona nyumba. Uani kulikuwa na mabenchi ya kuazima, na majirani walikuwa wamekaa kimya baada ya wimbo. Mwili ulikuwa bado hospitalini.

Mlangoni lilining'inia pazia. Lilikuwa la buluu, lenye ndege wa njano.

Mama wa marehemu, Nyiransabimana, alikuwa amekaa juu ya mkeka chumbani, miguu ameinyoosha, kichwa kimefungwa kitambaa. Védastine alivua viatu, akakaa naye chini, akampa pole. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, habari ya pazia.

"Ile?" Nyiransabimana aliliangalia kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. "Ni kitenge ya harusi ya dada yangu. Iliyobaki nilimukatia Papa Umwali vipande, apanguse mikono kazini. Hapendi kurudi na mikono michafu. Anasema batoto wasimuogope. Hata jana asubuhi nilimupa moja, akaenda kazini. Hatukujua, Afande. Tulikuwa tunacheka hapa."

Védastine alielewa kwamba mama huyu hajui bado kuwa Jumatatu mume wake hakuwa na kazi ya kwenda.

"Umwali alitoka na nani?"

"Alisubiri baba yake atangulie. Akaniambia, mama, usimwambie. Nikakaa kimya. Ningemwambia, angemuchunga. Si angekuwa karibu naye?"

"Hilo si kosa lako, Maman."

"Munitafutie ule muntu," Nyiransabimana alisema. Alisema polepole na kwa sauti ndogo. "Banasema ni muntu alitoa vyuma. Munitafutie tu. Ninataka kumuuliza mutoto wangu alimukosea nini."

Buhendwa alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, amekaa juu ya jiwe la kufulia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Védastine alisimama mbele yake, akafungua mfuko wa karatasi, akamwonyesha kitambaa na bolti.

Buhendwa alivitazama. Hakunyoosha mkono.

"Ningevirudisha," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Sikutaka iharibike. Mimi njo niliifunga ile mashine, singeweza kuiumiza. Mukanda ungetoka tu. Wangewasha, ungetoka. Wangewasha tena, ungetoka. Yule kijana hajui, hata nimufundishe mwaka. Wangeniita. Ningefunga bulon zangu, ikazunguka, na mukurugenzi angeona. Nilitaka aone. Basi."

"Jumatatu asubuhi ulitoka hapa na mfuko wako. Ulienda wapi?"

"Kwa daraja, karibu na kinu. Nilikaa pale na simu mukononi. Hapa nyumbani sikusema kitu. Nilisema moyoni, kabla ya saa sita nitakuwa nimerudia kazi, hakuna sababu ya kuwatia bantu wasiwasi."

"Na Umwali alipita wapi?"

"Njia ya mashamba, nadhani. Sikumuona. Simu ililia. Nikaona jina ya mukurugenzi. Afande, nilisema asante Mungu. Nilisema kwa sauti. Yule mama anauzaka ndizi pale darajani alinicheka. Nilikuwa ninasema asante, na mutoto wangu…"

Védastine alikaa kando yake juu ya jiwe. Kazi ilimtaka aulize maswali mengine, nayo aliyauliza: spana ipi, saa ngapi, nani mwingine alijua. Buhendwa alijibu yote sawasawa, bila kujitetea. Alipomaliza, Védastine alimsomea haki zake, akamwambia atalala mahabusu Kamembe, naye akaitikia kwa kichwa.

"Yule kijana pia tumemkamata," Védastine alisema. "Kumwambia mtu asukume mkanda unaozunguka ni kosa lake, si lako."

"Alikuwa na haraka," Buhendwa alisema. "Alisikia ninakuja. Hakutaka nimukute ameshindwa. Nilikuwa vile pia, nikiwa kijana. Na mukurugenzi?"

"Ataulizwa."

"Ataulizwa," Buhendwa alirudia.

Uani walianza wimbo mwingine. Buhendwa alisikiliza ubeti mmoja mpaka ukaisha, akasimama.

"Usinifunge mbele yao. Sitakimbia."

"Sitakufunga."

"Na Mama Umwali, usimwambie wewe. Ukimwambia wewe, atakuchukia wewe, atasema ni uongo wa Serikali. Hiyo ni maneno yangu na yeye."

Védastine alijua kanuni inasema nini kuhusu mshukiwa kuachwa peke yake na shahidi. Alimfuata mpaka mlangoni, akasimama nje ya pazia, mahali ambapo angesikia mtu akipiga kelele. Wanawake waliokuwa ndani walitoka mmoja mmoja, wakamwangalia, wakaenda kukaa kwenye mabenchi.

Alisikia sauti ya Buhendwa, nzito na ya chini, ikiendelea bila kusimama. Kisha haikusikika tena. Alingoja kilio, au kofi, au kitu kuvunjika. Hakuna kilichosikika. Wimbo uani uliisha, na hakuna aliyeanzisha mwingine.

Pazia lilisogea. Buhendwa alitoka bila koti, akapita katikati ya majirani wake bila kumwangalia yeyote. Wengine walifikiri anakwenda hospitalini kwa mambo ya mwili, wakampisha, na mzee mmoja akamgusa bega. Védastine alimfuata nyuma kidogo. Walikuwa wamefika mwanzo wa kiteremko aliposikia mtu anakuja mbio, miguu mitupu kwenye udongo.

Alikuwa Nyiransabimana. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemfunguka. Mkononi alikuwa na koti la mumewe, la kahawia, limekunjwa vizuri.

Buhendwa alisimama, akageuka.

Nyiransabimana hakumwangalia. Alilisukuma koti kifuani kwa Védastine.

"Kamembe kuna baridi usiku," alisema. "Umupatie wewe. Mimi siwezi."

Kisha alirudi alikotoka, akitembea taratibu sasa, na watu waliokuwa uani wakasimama wote kumpokea, bila kujua bado ni kwa jambo gani.